Ubao Uliokuza Viwanja: Uchambuzi wa Kisa cha Faili la DXF Ndani ya Inkscape

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana ndogo ya mabango jijini Mbeya. Nimeondoa majina ya watu, ofisi na mtaa, namba za viwanja nimezibadilisha, na vipimo nimevizungusha kidogo ili mradi usitambulike. Nilihusika mara mbili: mwanzoni kama mtu aliyemfundisha kazi kijana wa kompyuta wa karakana hiyo, na mwishoni kama mtu aliyepigiwa simu mambo yalipoharibika. Kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu, na nitaionyesha ilipo.

## Usuli

Karakana ina watu watatu: mama mwenye biashara, ambaye tunamwita Bosi, kijana wa kompyuta, na fundi wa kubandika anayejua pia kuchomelea fremu. Riziki yao inatoka kwenye stika za bajaji, mabango ya maduka ya dawa na fulana za mahafali. Kila kitu kinatengenezwa kwa Inkscape, programu ya kuchora, kwa sababu ni ya bure na kwa kazi hizo haijawahi kuwaangusha. Nembo ya duka ikizidi ukubwa kidogo hakuna anayelalamika. Wengine hata hufurahi.

Juni, baridi ikiwa imekaza, walipata kazi ya aina nyingine: ubao wa ramani wa mradi wa viwanja nje kidogo ya jiji. Viwanja 86, barabara za ndani, eneo la shule na eneo la wazi. Mradi mzima ulikuwa na mita 410 kutoka magharibi hadi mashariki, na mita 180 kutoka kusini hadi kaskazini. Ubao ungekuwa karatasi moja ya ACP (bao jembamba la alumini lenye plastiki katikati), milimita 2,440 kwa 1,220, na juu yake stika iliyochapwa. Mteja alitaka chini yaandikwe maneno “Skeli 1:200”, kama yalivyo kwenye mchoro wa mpima ardhi. Mpima mwenyewe, tunayemwita Injinia, yuko Iringa na anachora kwa AutoCAD, programu ya michoro ya kitaalamu.

Hakuna aliyeuliza kama hiyo skeli itakuwa ya kweli juu ya ubao. Kijana aliponiambia habari za kazi hiyo kwenye simu, nami nilijibu tu, “Safi sana, kazeni.”

## Kilivyokwenda

Faili lilikuja kwa WhatsApp, limeishia na .dwg. Inkscape haifungui DWG. Kijana akabadilisha herufi za mwisho za jina kuwa .dxf, akidhani ni kama kubadilisha .jpeg kuwa .jpg. Programu ikagoma. Kubadilisha jina la faili hakubadilishi kilichomo: DWG ni faili la ndani la AutoCAD, lakini DXF ni njia ambayo Autodesk, kampuni yenye AutoCAD, waliitoa mwaka 1982, pamoja na AutoCAD ya kwanza, ili programu nyingine nazo ziweze kusoma michoro yake. Ukilifungua kwa Notepad unayatambua mara moja. DWG huanza na herufi AC na tarakimu nne, kisha takataka tupu. DXF ya maandishi inasomeka mstari kwa mstari, na kwa kawaida huanza na sifuri na neno SECTION.

Akaandika: “Shikamoo Injinia, faili limegoma kufunguka. Naomba ulitoe kwa DXF.” Likaja baada ya robo saa.

Akalifungua kwa Ctrl+O. Kikatokea kidirisha kinachouliza njia ya kukuza mchoro. Njia ni tatu: kuandika kizidisho kwa mkono, kuiachia programu itoshelize mchoro kwenye upana wa karatasi ya A4, au kusoma kwenye faili lenyewe. Alianza na ya kusoma kwenye faili, ukurasa ukabaki mweupe. Akajaribu ya mkono kwa kizidisho cha 1, mweupe tena. Akajaribu ya A4, safari hii akiliingiza kwenye kiolezo chake cha bango kwa Ctrl+I. Ramani ikatokea katikati ya ukurasa, nzima na safi. Mtu yeyote angechagua hiyo.

Palikuwa na kasoro mbili alizoziona. Leya zote (matabaka ya mchoro) zilikuwa zimemwagika pamoja, barabara, mipaka na eneo la wazi, kwa hiyo alikesha akitenganisha mistari kwa macho. Ya pili, namba za viwanja hazikuja kabisa, na vialama vya bikoni (nguzo za mipaka) navyo havikuja. Namba akaziandika mwenyewe, 86, akiangalia picha ya mchoro kwenye simu.

Kisha akaikamata ramani kwa pembe akaivuta hadi ikajaa ubao: mita 2.3 kwa upana, mita 1.1 kwa kimo, bila kushikilia Ctrl, kitufe kinacholinda uwiano. Ilipendeza. Bosi akaipenda, mteja akaiidhinisha kwa picha ya simu. Ikachapwa, ikabandikwa (fundi alilalamika kwamba stika haishiki kwa ile baridi, wakauanika ubao juani kwanza), ikasimikwa siku ya tano kama walivyoahidi.

Siku ya tisa akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa amelipia kiwanja cha kona. Alikuja na rula. Hati ya malipo inasema kiwanja chake ni mita 25 kwa 25. Kwenye ubao akapima sentimita 14 kwa 15.3. Kwa skeli ya 1:200 iliyoandikwa pale chini, hiyo ni mita 28 kwa 30.6. Akamwuliza kijana wa mauzo, kwa upole kabisa, “Mwanangu, nimeongezwa ardhi au nimedanganywa?”

Kesho yake mnunuzi mwingine akagundua kwamba namba 41 na 47 zimebadilishana nafasi. Mteja akaufunika ubao kwa turubai na kumpigia simu Bosi. Bosi akanipigia mimi.

## Tulichoamua, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Bosi na ulikuwa wa busara kuliko yote: asibandike viraka. Kijana alitaka kufuta maneno “Skeli 1:200” kwa kipande cha stika nyeupe na kubadilisha zile namba mbili. Bosi akasema ramani ikishapatikana na kosa mbele ya wateja, kila kiraka kitaonekana kama uongo mwingine. Akakubali kurudia kwa gharama zake.

Wa pili ulikuwa wangu: tusiguse Inkscape hadi tujue mchoro umechorwa kwa kipimo gani. Tukalifungua DXF kwa Notepad tukatafuta maneno mawili. $MEASUREMENT ilikuwa na 0, maana yake kipimo cha Kiingereza. $INSUNITS ilikuwa na 1, maana yake inchi. Hakuna mpima wa Tanzania anayepima viwanja kwa inchi. Tukamwuliza Injinia umbali kati ya bikoni mbili za upande wa barabara kuu. Akajibu mita 75. Tukalifungua faili kwenye LibreCAD, programu nyingine ya michoro, nayo ni ya bure, tukapima kati ya bikoni zile zile: 75. Basi, uniti moja ya mchoro ni mita moja, hata kichwa cha faili kiseme nini.

Injinia aliposikia habari ya inchi alicheka. Alikuwa ameanza mchoro wake na kiolezo cha acad.dwt, kile cha inchi, badala ya acadiso.dwt. Kwake haikuwa na madhara, maana AutoCAD inahifadhi namba tu na yeye anajua moyoni kwamba ni mita. Sisi hatukuwa moyoni mwake.

Wa tatu: marekebisho ya mchoro yafanyike kwa mpima, siyo kwetu. Tulimwomba atengeneze nakala, aisogeze hadi kona ya chini kushoto ikae kwenye sifuri, na azivunje bloku (alama zilizofungwa pamoja kama kitu kimoja) ili namba zije kama maandishi ya kawaida. Hapa tulijikwaa tena kidogo. Alitumia amri ya EXPLODE, na viwanja vyote 86 vikaja vimeandikwa neno moja: NAMBA. Ndivyo EXPLODE inavyofanya kwa bloku yenye namba ya kujazwa. Hutupa kilichojazwa na kurudisha jina la kisanduku. Amri aliyotakiwa kutumia ni BURST, ambayo huvunja bloku na kuacha maandishi yalivyo. Dakika tano zikatosha.

Wa nne: tulifungua faili kwa Ctrl+O, hatukuingiza kwa Ctrl+I. Inkscape huhifadhi leya za DXF pale tu unapofungua. Ukiingiza, zinapotea. Kisha tukabadilisha ukubwa wa ukurasa uwe sawa na ubao, badala ya kunakili ramani kuipeleka kwenye kiolezo.

Kizidisho tuliandika kwa mkono: 5.

## Kwa nini 5

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotelea.

Kwenye njia ya mkono, Inkscape huchukulia kwamba uniti moja ya DXF ni milimita moja. Haijali kichwa cha faili. Mchoro wetu uniti yake ni mita, kwa hiyo bila kukuza, mita moja ya ardhi inakuwa milimita moja ya ubao, yaani skeli ya 1:1000. Tunataka 1:200, na kwa skeli hiyo mita moja ni milimita 5. Basi zidisha kwa 5. Mradi wa mita 410 kwa 180 unakuwa milimita 2,050 kwa 900, unakaa kwenye ubao na nafasi ya ufunguo wa ramani inabaki. Mteja angetaka 1:250, tungeandika 4. Kwa 1:500, 2. Gawanya 1,000 kwa skeli, ndiyo hivyo tu, mradi mchoro uwe wa mita.

Njia ya kusoma kwenye faili inasikika kama ya kitaalamu zaidi, na ndiyo iliyomvutia kijana kwanza. Lakini inachosoma ni $MEASUREMENT peke yake, na hiyo ina majibu mawili tu: inchi au milimita. Neno mita halimo. Kwa faili letu ingechukulia kila mita kuwa inchi, na ramani ingekuwa na upana wa zaidi ya mita 10. Hata kama Injinia angeanza na kiolezo sahihi cha milimita, bado tungepata 1:1000.

Na njia ya A4? Hiyo haina skeli kabisa. Inachukua upana wa mchoro, wowote ule, inaubana uwe milimita 210. Mita 410 ndani ya milimita 210 ni karibu 1:1950, namba isiyo na maana kwa mtu yeyote. Kwa nembo haina tatizo. Kwa ramani, kuanzia hapo kila unachofanya ni kukisia. Na kijana alipovuta pembe bila Ctrl, upana ukawa 1:178 na kimo 1:164. Ndiyo maana kiwanja cha mraba cha mwalimu kilikuwa kirefu upande mmoja. Jicho halikuona, rula ikaona.

## Ukurasa mweupe ulikuwa unasema nini

Swali ambalo kijana hakuliuliza, na ambalo mimi sikuwahi kumfundisha aulize: kwa nini njia mbili kati ya tatu zilionyesha ukurasa mtupu?

Mpima hachori picha, anachora mahali kitu kilipo duniani. Mbeya na Iringa ziko kwenye kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo unaogawa dunia kwa kanda na kuhesabu mahali kwa mita. Katikati ya kanda hiyo ni nyuzi 33 Mashariki, na mstari huo hupewa namba 500,000. Ikweta hupewa 10,000,000, na huku kusini kwetu tunahesabu kushuka. Kona ya mradi ilikuwa kwenye 548,000 mashariki na 9,014,000 kaskazini, zote mita. Inkscape ikizisoma kama milimita, ramani inakaa zaidi ya nusu kilomita kulia kwa ukurasa na kilomita 9 juu yake. Ni karibu ufike Uyole ukitokea katikati ya mji. Haikupotea. Ilikuwa inakusubiri huko.

Angebonyeza kitufe cha 4, ambacho hukuza skrini hadi mchoro wote uonekane, angeiona. Njia ya A4 ilionyesha ramani mara moja kwa sababu yenyewe husoma mipaka ya mchoro kwenye faili na kuuvuta hadi kwenye ukurasa. Kwa maneno mengine, kijana alichagua njia mbovu kwa skeli kwa sababu ndiyo pekee iliyotatua tatizo la mahali. Yalikuwa matatizo mawili, akadhani ni moja.

Kidirisha kina visanduku viwili vya kuandika chanzo cha mhimili, vinavyofanya kazi kwenye njia ya mkono, na ungeweza kuweka humo namba za kona. Sisi tuliona heri Injinia asogeze nakala. Namba fupi hazisumbui programu, na mpima anajua kona ipi ni kona.

## Kilichofanya kazi na kilichotuangusha

Kipimo cha uhakika kilichotusaidia kuliko vyote kilikuwa cha kijinga: mraba mwekundu wa milimita 125 kwa 125. Tuliuchora Inkscape, tukauweka juu ya kiwanja cha mwalimu. Ukalala sawasawa. Kijana alipoichagua mistari ya kiwanja hicho, kisanduku cha upana kikaonyesha 125.35, akashtuka. Ile 0.35 ilikuwa unene wa mstari. Kwa kawaida Inkscape huhesabu na wino wa ukingo, na ukitaka umbo tupu unabadilisha kwenye mapendeleo ichukue mpaka wa kijiometri. Mraba ule tuliuacha kwenye pembe ya stika hadi mwisho, ukachapwa pamoja na ramani, tukaupima kwa futi kabla ya kubandika. Nashauri sana hilo, kwa sababu programu ya mashine ya kuchapa nayo ina tabia ya kubana kazi itoshe kwenye karatasi bila kukuuliza.

Rangi za viwanja zilitutesa. Mipaka ya mpima ni mistari iliyoachana, kiwanja kimoja kinashirikiana ukuta na jirani, kwa hiyo hakuna umbo lililofungwa la kujazwa rangi. Raundi ya kwanza kijana alitumia ndoo ya rangi. Ndoo ile hujaza kile inachokiona kwenye skrini wakati huo, ikiwa mbali inakata pembe. Ukikaribia kwenye ubao wa kwanza uliona mianya myeupe kwenye kona. Raundi ya pili tulichora maumbo mapya chini ya mistari, kila kona ikinasa kwenye nodi (ncha) ya mpaka. Ilichukua mchana mzima. Wenye Inkscape 1.3 au ya baadaye wana kifaa cha kujenga maumbo kutokana na mistari inayokatana, na kwa viwanja 86 kinaokoa muda.

Kosa lililokuwa zito kuliko yote kwa maoni yangu halikuwa la skeli. Ni kuandika namba kwa mkono. Skeli ikikosewa, kila kiwanja kinakosewa sawa, na mtu mwenye rula ataona. Namba mbili zikibadilishana, ubao unabaki mzuri kabisa, na watu wawili wanaweza kujenga kwenye ardhi isiyo yao. Kijana alipoona namba hazikuja alizichukulia kama usumbufu wa kumaliza usiku ule ule. Ilikuwa dalili kwamba faili halijaja lote, na ilitosha kumpigia Injinia simu saa mbili usiku. Alisita kumsumbua mtu mzima mara ya pili baada ya habari ya DWG. Namwelewa. Nimefanya hivyo hivyo nilipokuwa na umri wake.

Idhini ya picha ya simu nayo ilituangusha. Mteja aliidhinisha ramani ya ubao wa mita mbili kwenye skrini ya kiganja. Raundi ya pili Bosi alidai mteja na Injinia wapewe PDF ya ukubwa kamili, na Injinia apime viwanja vitatu anavyovichagua mwenyewe. Alipima sita.

## Matokeo

Ubao mpya ulisimikwa siku ya kumi na tano. Stika ya kwanza ilipotea, ACP iligeuzwa upande wa pili ikatumika. Mteja alilipa bei ya awali na si zaidi, na baadaye alirudi na kazi nyingine. Injinia sasa hutuma DXF iliyokwisha kusogezwa kwenye sifuri, na ndani ya ujumbe anaandika uniti na umbali wa bikoni mbili, hata usipomwomba.

Mwalimu naye alirudi na rula yake. Akapima kiwanja chake pande zote nne, sentimita 12 na nusu kila upande, akaandika kwenye daftari. Kisha akarudi nyuma hatua mbili, akautazama ubao wote, akauliza kaskazini ni wapi.

Mshale wa kaskazini ulikuwa kwenye leya ya fremu na mhuri wa ofisi. Leya hiyo niliifuta mimi, wakati tunasafisha ramani.